Bilauri ya Wageni

Mwanangu Tima,

Salamu tumeshapeana asubuhi jikoni, wewe ukiwa na haraka zako na mimi na uso huu nilionuna nao mwezi mzima, kwa hivyo hapa sizirudii. Umekwenda kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua hatakuachia kabla ya magharibi. Lazima ule kwanza, kisha ufungiwe mahamri ya njiani, kisha mlie kidogo. Basi nimesali alasiri, nimekaa hapa dirishani na daftari lako la shule ambalo kurasa za nyuma zilibaki nyeupe. Kesho alfajiri unaondoka.

Usihofu, sikuandikii mambo ya kuchemsha maji na kufunga mkoba kwa ndani. Hayo umeambiwa na mtaa mzima. Hata yule muuza samaki wetu ambaye hajawahi kuvuka Gede amekueleza barabara ya Tanga kona kwa kona. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka kumi na minane, na nisipolitoa leo sijui nitalitoa lini.

Umeniomba radhi zangu mara tatu. Mara ya kwanza tulikuwa tunachambua mchele, ukasema, "Mama, nataka kusafiri kama wale wageni wetu. Niende mpaka nichoke mwenyewe. Nipe radhi zako." Nikakujibu kwamba mchele wa siku hizi una mawe mengi. Mara ya pili nikakwambia ngoja nisali, na sala ile nikairefusha mpaka ukachoka kusubiri. Mara ya tatu ni juzi, na juzi nilinyamaza tu. Kisha nikakusikia ukimwambia rafiki yako kwenye simu, "Mama ana hofu, bado aniona mtoto." Ulisema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniuma. Si hofu, Tima. Ni wivu. Nakuonea wivu wewe, mtoto niliyemzaa, na haya ya jambo hilo ndiyo iliyonifunga mdomo.

Wageni walivyoanza kuja nyumba hii unajua, ila unajua kama kichekesho cha Bibi. Mamake babako alikuwa hapo barazani na sinia la wali na samaki wa kupaka, akapita kijana mmoja anakokota baiskeli yenye pancha. Bibi akamwambia, "Karibu," kama tunavyomwambia yeyote apitaye tukiwa tunakula. Na mpita njia wa kwetu hujibu, "Starehe," yaani endeleeni msijisumbue, akaenda zake, wali ukabaki kwa wenyewe. Yule kijana hakuwa amefundishwa. Aliegemeza baiskeli ukutani, akavua viatu, akakaa, akanyoosha mkono siniani. Bibi alinitazama, nami nikamtazama. Alipomwuliza kwao wapi akasema Ureno, na Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Wallahi hawa walishakuja Malindi zamani," akaniambia, "na hawakuondoka upesi."

Alikaa siku tisa. Alipofika mbele ya safari yake akawasimulia wenzake kwamba Malindi kuna mlango wa kijani nyuma ya msikiti, wanakwambia karibu na ni karibu kweli. Tangu hapo ikawa mwezi haupiti bila mtu kubisha. Alikuja yule mzee wa Kijapani aliyechora paka wote wa mtaa. Walikuja wanafunzi, walikuja wanandoa waliotembea kwa miguu, walikuja watu ambao hata majina yao hatukuyaweza. Wanaume walilala chumba cha chini cha mlangoni, wanawake juu pamoja nasi. Bibi hakumrudisha mtu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," ndiyo ilikuwa kauli yake. Nami nilikuwa nikijiuliza huko kupona kutanifikia lini, maana yeye alikuwa akisema karibu na mimi ndiye niliyekuwa nikikuna nazi.

Na wewe ulikuwa na kazi yako. Ulipoanza tu kusema vizuri, mgeni akiingia ulimletea maji kwa ile bilauri ya wageni, ile yenye maua mekundu ambayo sisi wenyewe hatukuinywea. Uliishika kwa mikono miwili na ulimi nje kwa uangalifu. Akishakunywa unamwuliza, "Mgeni, utalala siku ngapi?" Watu walicheka, wengine walikupiga picha. Mimi nilijua kwa nini ulikuwa ukiuliza. Ulitaka kujua kama inafaa kumzoea. Akisema siku mbili, unarudi kwenye michezo yako. Akisema wiki, unamletea na mwanasesere wako amwone.

Ulikuwa na miaka minne alipokuja Mirela. Wewe humkumbuki, nimeshakupima. Alikuwa rika langu, miaka ishirini na mitano au sita, na Kiswahili alikuwa amejifunza Unguja, kikavu kidogo lakini tulielewana. Alikuja na mkoba usiozidi wa mwanafunzi. Nguo mbili, moja mwilini na moja msumarini. Nguo hazikunishughulisha. Kilichonikera, na kila siku kikanikera zaidi, ni kwamba akitaka kutoka anatoka. Anainuka, anavaa kandambili, hamwambii mtu anakokwenda wala atarudi saa ngapi. Mimi nikienda sokoni lazima nitoe habari kwa watu watatu, na wa nne ananikuta njiani ananiuliza, "Wenda wapi saa hizi?" Nilikuwa nimetoka nyumba ya baba nikaingia nyumba ya babako, hatua mia mbili, na kati ya hizo mbili sikuwa nimesimama popote.

Siku moja ananisaidia kuanika nguo juu ya dari akaniuliza, "Wewe umefika wapi?"

"Mombasa. Mara mbili, zote kwa mazishi."

"Na baada ya Mombasa?"

"Baada ya Mombasa nilirudi kupika."

Alicheka. Mimi sikucheka. Akasema kesho yake anakwenda Kilifi, kuna wenzake wamepiga mahema ufukweni Bofa, kisha watashuka Tanga, kisha popote. Akabana shati langu kwenye kamba, akasema, "Twende."

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hapa ndipo ujinga wangu ulipo. Ile "twende" ilikuwa sawasawa na ile "karibu" ya Bibi. Lilikuwa neno la adabu tu, la kumfurahisha mtu. Na mimi, mzaliwa wa hapa, niliyelelewa na neno starehe tangu nikinyonya, sikujibu starehe. Nilifanya kama yule Mreno. Niliegemeza baiskeli nikakaa.

Ilikuwa Jumanne baada ya chakula cha mchana. Babako alikuwa kazini Watamu, akipika hoteli moja huko, na alikuwa akija kila baada ya wiki mbili. Wewe ulikuwa umelala mkekani mdomo wazi. Sikukubusu kwa sababu ungeamka, na ungeamka nisingekwenda, na hilo nililijua. Nguo zangu nilizitia kwenye kikapu cha soko. Bibi alikuwa barazani.

"Naenda dukani, bizari imekwisha," nikamwambia.

"Lete na ndimu," akasema.

Sitakudanganya kwamba siku ya kwanza ilikuwa mbaya. Ilikuwa tamu. Nimezaliwa nikisikia bahari na sikuwa nimeiingia tangu nivunje ungo. Pale Bofa niliingia na nguo zangu, nikacheka kwa sauti kama mwehu, na hakuna aliyeniuliza mimi ni mke wa nani. Nililala hemani nikasikiliza watu wakizungumza kwa lugha nisizozijua, na nikaona raha kwamba hakuna lolote katika maneno yale linalonihusu. Ningekwambia nilijuta tangu stendi ya Malindi, ungejua nakuongopea.

Siku ya pili niliwaona wanakula mkate mkavu na maharagwe ya mkebe. Siku ya pili hiyo hiyo, nikashindwa kuvumilia. Nikatafuta mchele, nikatafuta nazi, na mbuzi ya kukunia nikaazima kwa mama mmoja wa Rabai aliyekuwa akiuza madafu pale njiani. Niliwapikia, wakanipigia makofi. Siku ya tatu ilipofika adhuhuri niliwakuta wamekaa na sahani mkononi wananisubiri, na Mirela miongoni mwao. Nilikuwa nimelikimbia jiko Malindi nikaenda kuliwasha Bofa.

Nilipomrudishia yule mama mbuzi yake akaniuliza, kwa kuzungumza tu, "Una watoto wangapi, dada?"

Nikamwambia, "Sina."

Akanitazama kwa imani, akanishika mkono. "Mungu hamtupi mja wake," akasema. "Atakupa."

Nikaitikia amini. Tima, nimeandika ukurasa mzima wa mambo ya baiskeli na mazishi ili nichelewe kufika hapa. Hili ndilo nililolibeba. Kukuacha siku nne, wanawake wengine wameacha zaidi na kwa sababu nzuri au mbaya. Lakini niliulizwa nikasema sina, na mdomo haukunitetemeka.

Asubuhi ya Jumamosi niliamka hema la Mirela halipo. Pale lilipokuwa limesimama palikuwa na mchanga laini tu. Mwenzake mmoja akaniambia kuna gari lilikuwa likienda Mombasa na lina nafasi moja, akapanda.

"Hakusema lolote?"

Akafikiri. "Alisema wali wako ni mtamu sana."

Hakuniacha kwa ubaya. Alinisahau, kama mtu anavyosahau mwavuli. Nilikaa pale chini nikamtukana kwa kila tusi ninalolijua, na unajua ninajua mengi, na kila tusi nililolitoa nikaona linanifaa mimi zaidi. Yeye alimwacha mtu mzima waliyejuana siku kumi. Mimi nilimwacha mkekani mtoto aliyelala. Nikaenda dukani pale stendi ya Kilifi, nikanunua bizari, nikapanda gari la kurudi.

Mlango wetu wa kijani mchana huwa wazi, unajua. Ulikuwa wazi siku ile pia. Nilifika kizingitini. Nikasimama pale mbele ya nyumba yangu na kikapu changu, nikasikia mdomo wangu unasema, "Hodi."

Ukajibu kutoka ndani, kwa ile sauti yako ya kazini, "Karibu!"

Ukatoka. Ukanitazama kuanzia miguuni mpaka usoni. Hukulia, hukunikimbilia. Ukarudi ndani, nikasikia unakokota kigoda mpaka kabatini, na nilipousikia mlango wa kabati nikajua kinachokuja. Ulikuja umeishika kwa mikono miwili. Ile yenye maua mekundu. Nikanywa, kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya. Nilipokurudishia ukaniuliza, "Mgeni, utalala siku ngapi?"

Miaka yote hii nimejiuliza kama hukunitambua. Nadhani ulinitambua vizuri. Mtoto wa miaka minne anamjua mamake hata gizani. Ila katika nyumba ile ulikuwa umejifunza kwamba kuna watu wanaokaa na kuna watu wanaokuja wakaondoka, na siku nne zilikutosha kunihamisha upande wa pili. Ulikuwa unataka kujua kama inafaa kunizoea.

Bibi akatokea nyuma yako. Akaitazama ile bizari mkononi mwangu.

"Na ndimu?" akauliza.

"Nimesahau."

"Watu nimewaambia umekwenda Mombasa kutazamwa macho," akasema. "Basi yafikiche kidogo kabla hujatoka barazani. Wali uko jikoni, kapakue."

Hakulitaja tena mpaka anakufa. Babako alipokuja akaambiwa hadithi ya macho, akaingiwa na wasiwasi, na safari iliyofuata akaniletea miwani. Mungu amrehemu, aliichagua kwa kukisia. Niliivaa miaka mingi na macho yangu mazima, kichwa kikiniuma, nikijikwaa ngazini na nyinyi mkinicheka kwamba mama alikwenda kutibiwa macho akarudi kipofu. Sikuweza kuivua. Hata alipokuwa mahututi aliniuliza kama macho yanaona vizuri, nikamwambia yanaona, na hilo angalau halikuwa uongo.

Na wewe kwa wiki kadhaa ukawa hunipi nafasi. Nikienda chooni unasimama nje ya mlango. Kila mara unauliza, "Umo?" Nami najibu, "Nimo." Kisha tena, "Umo?" "Nimo." Nilikuwa nikiona unanichosha. Leo ningetoa miwani yangu na macho yenyewe nisikie tena sauti ile nje ya choo.

Wageni hatukuacha kuwapokea, unajua mwenyewe, na wivu nao haukwisha. Kila aliyefunga mkoba asubuhi alinifungia na kitu cha kwangu. Kwa hivyo uliposema unataka kwenda, nilisikia yote kwa pamoja. Nilisikia Mirela anasema twende, na nikaona safari hii si mimi niliyeambiwa. Kisha nikasikia jambo baya zaidi, kwamba huenda ulitaka kwenda kwa sababu ulifundishwa mapema kwamba mlango ni wa kutokea.

Huko uendako utaambiwa karibu na watu wengi. Ile ya kwanza ni adabu, ijibu kwa adabu, uwe unaenda zako. Akisema mara ya pili huku anasogea kukupisha mkekani, kaa, na ule kwa haki yako. Kisha siku ya kuondoka, tafadhali mwanangu, usiishie kwa wale wa barazani. Zunguka nyuma umuage aliye jikoni. Mwambie unaondoka na unakwenda wapi. Hata kama hajui pahala hapo ni wapi, mwambie. Sina jingine la kukufundisha kuhusu safari, maana safari yangu iliishia Bofa, mwendo wa saa moja na nusu.

Nimekaa nikafikiri kwa nini sikuweza kukupa radhi, ukiacha wivu. Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Mtoto huomba radhi za mamake ili aondoke na baraka, na aliyekosa huomba radhi ili asamehewe. Wewe ulikuwa unaniomba ile ya kwanza, na mimi kila nikifungua mdomo kukupa, ile ya pili inanikaba, kwa sababu ni mimi niliyepaswa kuanza. Basi naanza. Tima, nakuomba radhi. Nilikuacha umelala. Niliulizwa juu yako nikakukana. Nikakuacha ukue ukicheka uongo wa macho. Kama huwezi kunisamehe kwa usiku mmoja, chukua muda wako, njia ni ndefu.

Zangu hazingoji hilo. Radhi zangu unazo, zote, za ujana wangu na za uzee wangu. Wewe si mimi. Mwezi mzima unazunguka mtaa ukiaga hadi mafundi cherehani, na mimi niliaga kwa bizari. Mtu anayeaga hivyo hakimbii. Nenda ukatembee mpaka uchoke, na ukiingia baharini ingia na nguo zako zote.

Barua hii naitia juu ya mkoba wako, si ndani, uione leo. Kesho alfajiri nitakuwa jikoni.

Na siku utakaporudi, mwaka wowote, hodi uwaachie wageni. Ile bilauri nimeifungia juu kabisa ya kabati, kwako haitashuka. Sukuma mlango, simama hapo chini ya ngazi, uniulize kama ulivyokuwa ukiniuliza.

Nimo.

Mamako